Jezi ya Goli Ambalo Halikufungwa

Hapo zamani, na kwa usahihi siku ya Jumatatu, tarehe 6 Machi 1972, alishuka kwenye stesheni ya Mkongeni Bwana Wilfred Ernest Haslop, Mwingereza, beki wa kati mstaafu, akiwa na sanduku moja na jezi moja. Sanduku alibebewa. Jezi aliibeba mwenyewe.

Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwishoni nitawauliza, na atakayesinzia hatakuwa na la kujibu.

Bwana Haslop hakuwa mchezaji mwenye sifa. Alicheza miaka kumi na saba katika madaraja ya chini ya nchi yake, na katika miaka hiyo alihama vilabu kumi na kimoja. Asubuhi huitwa ofisini, mwenyekiti hamkaribishi hata kiti, jioni yuko kwenye treni kwenda mji mwingine. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka. Hakuna aliyewahi kuwauliza wenzake aliosimama nao. Alikuwa beki, na kazi ya beki haionekani. Mshambuliaji akifunga, watu wanahesabu. Beki akizuia, watu wanahesabu nini? Hakuna kilichotokea.

Meneja wa shamba letu la mkonge ndiye aliyemwajiri afundishe timu ya Singa Stars, ambayo wakati huo ilikuwa ikifungwa na kila aliyepita njia. Mimi nilikuwa katibu wa chama cha timu. Niliyoyaona nayasimulia, na nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Siku ya kwanza Kocha aliitundika ile jezi kwenye msumari katika chumba cha wachezaji. Ilikuwa jezi ya sufu, ya mikono mirefu, nambari tano mgongoni, na haikufaa hata kidogo kwa joto letu. Akatangaza desturi yake. Baada ya kila mchezo, tushinde au tushindwe, atauliza swali moja: "Leo ni goli gani halikufungwa?" Wachezaji wataje hatari iliyozimwa, na wamtaje aliyeizima. Huyo ataichukua jezi aende nayo nyumbani, aifue, airudishe kabla ya mchezo unaofuata.

Mwanzoni watu walicheka. Baada ya mwaka mmoja, wanaume wazima walikuwa wakipita sokoni Jumatatu saa saba mchana wamevaa sufu, jasho linawachuruzika, na hakuna aliyethubutu kuwacheka.

Mafunzo ya Kocha yalikuwa matatu, na kila moja lilitoka katika maisha yake.

La kwanza lilitoka Thornwick, mwaka 1955. Huko alikuwa katika timu dhaifu iliyonusurika kushuka daraja kwa sababu mabeki wake wanne walisogea pamoja. Sauti moja ikiita, wote wanatoka mbele, na mshambuliaji anaachwa peke yake nyuma yao, ameotea, na mshika kibendera akiinua kibendera, goli lake halihesabiwi. Hivyo alitufundisha: mmoja anaita "Toka!", wanne wanatoka. Asiulize mtu.

La pili lilitoka Eastmere, mwaka 1958. Huko aliwahi kutoka mbele, akanyoosha mkono juu kumwomba mshika kibendera, na kibendera hakikuinuliwa. Goli. Hivyo alitufundisha: tumieni macho yenu, na msimngoje mwenye kibendera.

La tatu lilitoka Castlebeck, mwaka 1963. Mwenzake wa upande wa kulia alificha goti bovu kwa kuogopa kuachwa, akapitwa kama mlango uliosahauliwa wazi, na timu nzima ikashuka daraja. Hivyo alitufundisha: mwenye maumivu aseme.

Mafunzo matatu. Tukayashika yote. Kwa miaka minne na nusu hakuna aliyegundua kwamba siku moja yanaweza kugombana.

Sasa tufike Jumapili, tarehe 24 Oktoba 1976, fainali ya Kombe la Mashamba, sisi na Ngurumo. Mkataba wa Kocha ulikuwa umekwisha, na tiketi yake ya Alhamisi ilikwisha katwa. Kamati ilikuwa imemwomba amtaje mrithi wake. Kabla ya mchezo akawaambia wachezaji, kwa Kiswahili chake chenye matuta:

"Leo mwenye jezi, mwenye filimbi. Atakayeichukua jioni, huyo ndiye kocha wenu."

Kamati ikaafiki. Na hapo mjue ni nini kilichowekwa mezani: si sufu tena, bali timu yenyewe.

Nahodha wetu alikuwa Kilua Mntambo, beki wa kati, mtu wa sauti. Yeye ndiye aliyekuwa akiita "Toka!" tangu mwaka wa kwanza. Kulia kwake alicheza Athumani Shekiondo, mtulivu, ambaye hakuwahi kuchelewa mwito hata mara moja. Na kwenye benchi alikaa Semboja Hoza, mkata mkonge, mwenye mbio na mwenye ubishi.

Kipindi cha kwanza tulipata goli moja. Wakati wa mapumziko Shekiondo alimwendea Kocha mbele ya watu wote.

"Kocha, goti langu limekwisha. Nitoe."

Mashabiki waliokuwa karibu wakasikia. "Mwoga huyo!" "Fainali imemtia homa!" Na sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya mama yake mzazi, Bi Mwanahawa: "Athumani! Rudi uwanjani! Baba yako alikata mkonge na kidole kimevunjika!"

Shekiondo akainama, akafungua viatu. Hoza akaingia.

Dakika za mwisho, Ngurumo wakashambulia. Mpira ukawa katikati ya uwanja, miguuni mwa mtu aliyejua kupiga pasi. Mbele yake alikuwa mshambuliaji wao, waliyemwita Chuma. Mntambo akaona pasi inakuja. Akaita:

"Toka!"

Mabeki watatu wakatoka. Hoza hakutoka.

Hoza alibaki nyuma, na kwa kuwa alibaki, Chuma hakuwa ameotea. Pasi ikapita, Chuma akapita nayo, kipa akatoka akalambwa chenga, mpira ukaelekea golini taratibu kama unaokwenda kulala. Na kwenye mstari wa goli akatokea Hoza. Akaupiga kwa kifua, ukaruka juu ya mwamba. Filimbi ya mwisho ikalia.

Kombe letu.

Watu waliimba, wanawake walipiga vigelegele, kombe likazungushwa mji mzima. Lakini katika chumba cha wachezaji hapakuwa na wimbo. Kocha alisimama chini ya msumari, akauliza kama alivyouliza siku zote:

"Leo ni goli gani halikufungwa?"

Wote wakajibu kwa pamoja: "La Chuma!"

"Na nani alilizuia?"

Wakasimama watatu.

Mntambo akasema kwanza. "Kocha, mimi. Niliita kwa wakati, na watatu tulitoka. Angetoka na wa nne, Chuma angebaki peke yake, ameotea, na mchezo ungeishia pale bila hatari yoyote. Huyu Hoza hakuzuia goli. Huyu alilileta goli, kisha akalifukuza, sasa anataka asifiwe kwa kulifukuza! Mtu akichoma banda langu kisha akaleta ndoo ya maji, nimshukuru?"

Wakacheka. Hoza hakucheka.

"Nahodha, wewe ulikuwa unamtazama mwenye mpira," alisema Hoza. "Mimi nilimtazama mwenye kibendera. Alikuwa amegeuka, anagombana na muuza karanga aliyeingiza kapu lake uwanjani. Ningetoka, Chuma angekuwa ameotea, kweli kabisa, lakini ameotea machoni pa nani? Kibendera kisingeinuliwa. Goli lingehesabiwa, nawe ungekuwa umenyoosha mkono juu kama mtu anayesimamisha lori."

"Refa mwenyewe angeona!"

"Refa alikuwa nyuma ya mstari wa kati, kaka, anahema. Kocha alisema tutumie macho. Nimetumia yangu."

Ikabidi nitumwe mimi, katibu, nikamuulize mshika kibendera. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamuuliza: "Ndugu, pasi ilipopigwa ulikuwa unatazama mchezo?" Akaweka kikombe chini, akajibu kwa hasira: "Nilikuwa natazama! Sikuinua kwa sababu mtu wenu mmoja alibaki nyuma." Hilo ndilo jibu lake, neno kwa neno. Nikarudi nalo.

"Mnaona?" akasema Mntambo. "Alikuwa anatazama."

"Mnaona?" akasema Hoza. "Ulitaka akubali kwamba alikuwa anagombania karanga?"

Ndipo Shekiondo, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja ameegemea ukuta, akasema: "Na mimi pia nadai."

Hapo wakacheka hasa. Mntambo akapiga makofi. "Jamani! Aliyekaa benchi na chupa ya maji ndiye aliyezuia goli!"

"Cheka, Nahodha," akasema Shekiondo. "Ukimaliza unisikilize. Mimi ningekuwa uwanjani, ungeita 'Toka' nami ningetoka, maana unajua sijawahi kukaidi. Kama kibendera kingeinuliwa, vyema. Kama kisingeinuliwa, nani angerudi mpaka mstari wa goli? Mimi, na goti hili? Hoza alikuwa pale kwa sababu nilimpisha. Wewe ulicheza kwa sauti. Yeye alicheza kwa kifua. Mimi nilikubali kuzomewa na mama yangu mbele ya mji, na leo sijui nitaingiaje nyumbani."

Hakuna aliyecheka tena.

Mntambo akajibu, safari hii kwa sauti ya chini. "Athumani, ulifanya jambo la kiungwana, sikatai. Lakini ulipotoka, ulijua kwamba Chuma atapita?"

"Sikujua."

"Basi unadai jambo ambalo hukulijua."

"Na wewe ulipoita," akasema Shekiondo, "ulijua kwamba Hoza hatatoka? Sote watatu tulifanya bila kujua. Tofauti ni kwamba mimi nililipa kabla."

Hoza akawageukia wote wawili. "Sawa. Lakini nani aliugusa mpira?"

Wakamgeukia Kocha.

Kocha alikuwa ameshika mkono wa ile jezi ilivyoning'inia, anaupapasa kama mtu anayetafuta kitufe. Nikadhani hakuelewa Kiswahili cha haraka. Kumbe alielewa vizuri.

"Wewe, Mntambo, umefanya nilichokufundisha," akasema. "Hoza, umefanya nilichokufundisha. Shekiondo, umefanya nilichokufundisha. Mimi ndiye niliyewaambia yote matatu, na sikuwaambia lipi litangulie. Nikimchagua mmoja, ninawaambia wawili kwamba niliwadanganya."

"Lakini Kocha," nikasema, "kamati inangoja jina."

"Bwana Katibu, mimi nimehamishwa vilabu kumi na kimoja na watu waliokaa ofisini. Hata siku moja hawakuwauliza niliosimama nao kwenye mstari. Leo na mimi nikae kitini niwaamulie hawa? Hapana. Waamue waliosimama pamoja, na mji uliowatazama."

Akatoka nje. Jezi ikabaki msumarini.

Kamati ilikutana Jumatatu na tena Jumatano. Wajumbe wazee walimtaka Mntambo: timu bila mwito mmoja, walisema, ni soko. Wajumbe vijana walimtaka Hoza: kocha asiyeona kinachotokea pembeni atatuzika. Na wajumbe wawili, ambao sikuwatarajia, walimtaka Shekiondo: atakayetuongoza, walisema, awe ni yule anayejua kujiondoa. Mikono ikahesabiwa, ikagawanyika sawasawa mafungu matatu. Mimi sikupiga kura. Katiba ya chama ilimnyima katibu kura, na nasema kwa heshima kwamba siku hiyo niliishukuru katiba.

Alhamisi, tarehe 28 Oktoba, mji mzima ulikwenda stesheni kumuaga. Wale watatu walisimama kando kwa kando mbele ya behewa lake: Mntambo kushoto, Hoza katikati, Shekiondo kulia na fimbo yake, na nyuma ya Shekiondo alisimama Bi Mwanahawa amemshika mwanawe kiwiko ili asianguke. Kila mmoja alitumaini kwamba Kocha atasema neno. Treni ikaanza kusogea. Mkono ukatoka dirishani.

Na hapa sina budi kusahihisha. Kinyozi wetu, Mzee Mwinjaka, amekuwa akiwasimulia wateja wake kwa miaka mingi, wembe ukiwa shingoni mwao wasiweze kubisha, kwamba mkono ule wa Kocha ulimwonyesha Hoza, na kwamba kwa hiyo shauri lilikwisha pale. Si kweli. Mzee Mwinjaka alikuwa nyuma ya umati, akiwa amembeba mjukuu mabegani. Mimi nilikuwa kwenye ukingo wa jukwaa, hatua chache kutoka dirishani, na nilimwona Kocha usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa akimtazama yeyote. Moshi wa injini ulikuwa unaingia ndani, na mkono ule ulitoka kushika kioo cha dirisha ili akifunge. Akakifunga. Hakumwonyesha Hoza, wala Mntambo, wala Shekiondo.

Kwa hiyo msijifiche nyuma ya mkono wa Kocha. Mmewasikia wenyewe: aliyeita, aliyebaki, na aliyempisha mwenzake. Semeni basi, jezi ile ingeshushwa msumarini, mngemvisha nani?