Salama ya Kitinda

Siku mama yake alipofariki, Kitinda alikuwa katika maabara ya chuo akiosha chupa za vioo. Dada yake alipiga simu mchana kutoka nyumbani, akasema maneno machache, kisha wote wawili wakabaki wakisikilizana kilio. Simu ilipokatika, Kitinda alimaliza kuosha chupa zake, akazipanga rafuni midomo chini, kana kwamba mama angekuja kuzikagua. Yeye ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wake.

Kuzika hakwenda. Kibali chake cha kukaa ugenini kama mwanafunzi kilikuwa hai, lakini viza ya kuingilia ilikuwa imekwisha. Akitoka, kurudi kungekuwa bahati nasibu. "Baki," dada yake alimwambia. "Mama alitaka umalize hiyo shahada ya uzamili, si uje nayo nusu." Akabaki. Mazishi aliyatazama kwenye simu, mtandao ukikatikakatika.

Tangu hapo masomo yakawa mlima. Akifungua kitabu, macho yalisoma, moyo haukusoma. Asubuhi alilala kama gogo, darasani akaanza kuadimika. Masharti ya kibali aliyajua vyema. Mwanafunzi wa kigeni lazima asome idadi kamili ya kozi. Anayetaka kupunguza huomba ruhusa kwanza katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Akipunguza kienyeji, kibali kinakufa, naye anafungishwa virago.

Lakini Kitinda alikuwa na mazoea aliyokulia nayo. Kwao, mtu hata awe na mshale mgongoni, akijuliwa hali hujibu "salama" kwanza. Habari mbaya huja baadaye, ikitanguliwa na "ila". Kitinda alisafiri na "salama" yake, "ila" akaiacha nyumbani. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alikutana naye koridoni.

"Umeadimika. Mambo yanakwendaje?"

"Salama tu."

"Una hakika?"

"Salama kabisa," akajibu, akapita mbio kama kuku aliyetupiwa jiwe.

Mshauri akaenda zake. Huko watu huchukua neno kama lilivyo. Hakuna aliyefundishwa kungoja "ila".

Ijumaa moja Kitinda aliamua kumaliza mambo kimyakimya. Alifungua kompyuta, kisha akampigia dada yake.

"Nafuta kozi mbili leo. Angalau nipumue."

"Umemwambia nani?"

"Si ndiyo nakwambia wewe?"

"Kwani mimi ndiye ninayetoa vibali huko?"

"Dada, nikawaambie nini? Kwamba mtu mzima na ndevu zake analilia mama?"

"Ndevu zipi? Zile tatu?"

Kitinda akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Dada yake hakumpa nafasi ya kuponyoka.

"Mama alikuwa mkunga mpaka mwisho wake. Mzazi akijifunika shuka mpaka shingoni na kusema yuko salama, mama alikuwa anamwambiaje?"

Maneno yale Kitinda aliyajua. Utotoni aliyasikia mara nyingi, ameketi kwenye benchi nje ya wodi akimsubiri mama amalize zamu.

"Alisema, 'Mwanangu, hapa sikuja harusini. Fungua shuka. Mficha uchi hazai.'"

"Basi fungua shuka. Na hiyo kompyuta usiiguse kwanza."

Alikwenda ofisini kwa mshauri. Mshauri akainua uso.

"Karibu. Habari za leo?"

"Salama," ulimi ukamponyoka. Akageuka, akashika kitasa cha mlango. Kisha akakiachia. "Ila mama yangu amefariki."

Kilichofuata kilitoka kama maji ya bomba lililopasuka: usingizi, madarasa aliyoyakosa, kozi mbili. Mshauri akavua miwani.

"Pole sana, mwanangu. Umemzika?"

"Sikumzika. Nilitazama."

Mama yule akamsogezea kiti. Kisha akauliza kwa hofu, "Hizo kozi umeshazifuta?"

"Bado."

"Bado!" Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Ungezifuta kabla ya kuja hapa, ningekupa pole tu. Sasa naweza kukupa na msaada."

Alimweleza kwamba huzuni inayomlaza mtu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Alimpeleka kwa daktari wa chuo, daktari akathibitisha kwa maandishi, na juma lililofuata ruhusa ikatoka. Kitinda alitoka nje akahisi hewa inaingia kifuani mpaka chini. Akapiga simu nyumbani.

"Haya, tumejifungua?" dada yake akauliza.

"Tumejifungua salama."

"Salama ipi hiyo? Ile yako?"

"Salama ya kweli, dada. Haina ila."

Muhula huu Kitinda anasoma kozi mbili badala ya nne, kibali chake kiko hai, na muhula ujao atarudi kwenye mzigo kamili. Mama hayupo, lakini neno lake limesimama: mficha uchi hazai.