Figo ya Mjomba na Kiti cha Hija

"Kiti ni changu, shemeji! Hukubali? Basi nirudishie figo yangu!"

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni zamani ya majuzi tu, maneno hayo yalitoka barazani kwa Hemedi, fundi wa kanzu wa Korogwe. Aliyeyasema ni shemeji yake, Mbwana. Walioyasikia ni nusu ya mtaa. Kiti chenyewe ni cha safari ya Hija, kimeshalipiwa, na wasafirishaji wanataka jina kabla ya Alhamisi. Watu watatu wanakidai. Kiti kimoja. Sasa tulieni niwaeleze, na anayetaka kunikatiza asubiri, maana kusimulia nilijifunza mwenyewe, na nikivurugwa napotea.

Hemedi ana binti, Ramla, miaka ishirini na miwili. Figo zake zote mbili zilikufa. Mara tatu kwa wiki akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akirudi hana nguvu hata ya kujifunga kanga. Madaktari wakasema: apate figo ya ndugu. Baba akapimwa, ana sukari. Mama alishafariki. Akabaki Mbwana, kaka wa marehemu. Mbwana huyu bahili. Hata kiberiti huazima kwa jirani. Akapimwa, ikalingana.

Akakataa. Na si kwa ubahili.

"Sheikh Mahfudhi kasema mimbarini: mwili ni amana, haukatwi ukagawiwa. Siku ya kufufuliwa nisimame na upungufu?"

Na kweli sheikh alisema. Miezi saba ikapita. Ramla akakonda mpaka pete ikawa inamponyoka kidoleni.

Siku moja Hemedi, kasimama kando ya mashine, akashindwa kuvumilia. Akanyanyua mikono mbele ya wodi nzima. "Naweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu. Atakayemtoa mwanangu kwenye mashine hii, kiti changu cha Hija ni chake." Miaka kumi na moja ya kushonea watu kanzu, hiyo! Mbwana hakusikia. Alikuwa nje anakunywa chai, na chai yenyewe kalipiwa.

Aliyesikia ni nesi, Sista Leokadia, Mkristo wa Bumbuli. Hakuwahubiria. Aliwauliza tu Hemedi, Ramla na Mbwana, "Mnaogopa nini hasa?" Wakamwambia. Akawahamishia kliniki kutoka Ijumaa hadi Jumatano. Akamtafutia Ramla daktari mwanamke. Kisha akajitanda mtandio, akaenda kusimama nje ya msikiti. "Sheikh, njoo uione mashine. Ukishaiona, sema utakalo."

Sheikh akaja. Akakaa na Ramla muda wa saa nne, anatazama damu inatoka, damu inarudi. Akaondoka. Wiki tatu akafungua vitabu, akapigia walimu wake simu. Ijumaa akapanda mimbari.

"Nilikosea. Nilisema nisilolijua. Mtu mzima akiridhia mwenyewe, bila kulazimishwa, bila kuuza, na madaktari wakathibitisha hatadhurika, wanazuoni wengi wameruhusu. Nami nawafuata."

Watu wakanyanyuka, wakatoka. Wengine mpaka leo wanaswali msikiti mwingine.

Mwezi uliofuata Mbwana akapasuliwa. Ramla leo anafua nguo zake mwenyewe, tena anaimba. Mashine kaiacha. Kumebaki kiti, na habari ya nadhiri imewafikia Mbwana na sheikh, kila mmoja anakidai.

"Nionyesheni mshono wa sheikh!" Mbwana kapandisha shati. "Wangu huu hapa!"

"Mbwana," sheikh akasema, "ukipokea kiti kwa figo, umeuza. Na kuuza ndiko nilikokukataza."

"Nimeuza vipi na sikuahidiwa? Nilikuwa nje nakunywa chai!"

"Bila neno langu ungepasuliwa? Wewe ulikuwa na figo mbili, ukatoa moja. Mimi nilikuwa na jina moja, nikalitoa mbele ya watu."

"Neno lako hilohilo ndilo lililomkausha mtoto miezi saba! Umeharibu mwenyewe, ukatengeneza mwenyewe, leo unataka zawadi?"

Sheikh akainamisha kichwa. Ndipo Leokadia, aliyekuja kumjulia hali Ramla, akaweka kikombe chini.

"Nawasikiliza tangu saa tisa. Hakuna aliyenitaja."

"Sista, wewe Makka utaendaje?" mtu mmoja akadakia, baraza zima likacheka.

Yeye hakucheka. "Nadhiri ilisema atakayemtoa. Haikusema Mwislamu atakayemtoa. Nani alimleta sheikh kwenye mashine? Nipeni haki yangu, nami jina nitakaloandika ni la Hemedi."

Kicheko kikakatika. Hemedi akainuka nusu, uso umemng'aa. "Sheikh, inafaa?"

"Nadhiri imrudie aliyeiweka?" Sheikh akashika ndevu. "Sijui. Na safari hii sisemi nisilolijua."

Hemedi akakaa. "Basi nimpe nani? Jamani, nimpe nani?" Ramla akamfuta baba yake jasho kwa ncha ya kanga.

Haya, na nyie mmekaa hapa mnanitazama. Msiniambie wote wamestahili. Kiti cha ndege hakikaliwi na watu watatu. Msiniambie Mungu anajua. Najua kuwa anajua, nawauliza nyie. Aliyetoa kiungo, aliyetoa jina, au aliyeuliza watu wanaogopa nini? Hemedi anadaiwa nadhiri, na fomu ina mstari mmoja.

Nani alistahili kuandikwa? Nipeni jina.