Swala na Zabadi ya Simuni

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika nusu nusu. Lazeni simu chini, kifudifudi. Hata wewe baba pale pembeni, nakuona. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmekuja wote.

Hapo zamani za kale, si kale sana, maana simu zilikuwa zimeshaingia porini, palikuwa na Swala. Swala huyu alikuwa na mtoto mmoja tu. Alimpata kwa tabu, baada ya mimba mbili kuharibika, akamwita Tunu.

Swala hamfungi mtoto mgongoni. Humlaza majanini, akaenda kutafuta malisho, akarudi jioni kumnyonyesha. Basi kila asubuhi alimlaza Tunu, akamwambia maneno yale yale.

"Lala, Tunu. Usitikisike. Ukisikia sauti yangu usitoke, kwa sababu sauti yangu Mbweha anaiweza. Nusa kwanza. Ukipata harufu ya mama, njoo unyonye. Usipoipata, lala."

Na Tunu alikuwa mtoto msikivu. Likumbukeni hilo.

Jioni mama alisimama kwenye ukingo wa majani, akaimba:

*Tunu, Tunu, mama nimerudi,*
*ziwa limejaa, njoo unyonye.*

Tunu akanusa, nfu nfu nfu. Majani cha, cha, cha. Huyo, katoka.

Siku zikaenda. Ikaja habari kwamba Pundamilia anamwoza binti yake, na kwamba wageni wote wa heshima watakuja wamepaka zabadi. Zabadi ni mafuta ya harufu anayotoa Fungo mwilini mwake. Huyakusanya tone kwa tone, na msimu mzima humpa kichupa kimoja au viwili. Aliyepaka zabadi hakuhitaji kujitambulisha.

Swala akaenda kwa Fungo. Sasa Fungo alikuwa bibi wa zamani. Hakuuza kwa simu. Ulikwenda mwenyewe, ukakaa mkekani, akakunusa, akakuuliza maswali. Akamnusa Swala shingoni, akamnusa kifuani.

"Unanyonyesha?"

"Nanyonyesha, bibi."

"Basi rudi mtoto akishaacha ziwa."

Swala akangoja maelezo, maelezo hayakuja. Fungo alidhani jambo lenyewe linajieleza. Swala akaondoka, na njia nzima jibu lile likawa linabadilika kichwani mwake. Alipofika mtoni lilikuwa limekuwa: wewe si wa kupaka zabadi. Alipofika kwake lilikuwa limekuwa: maskini mkubwa we.

Akamweleza Pundamilia. Pundamilia alicheka mpaka mistari ikatetemeka.

"Shoga, siku hizi nani anakwenda kukalishwa mkekani kama mwari? Zabadi ile ile ipo simuni. Na mtu hakunusi."

Kweli, ilikuwepo. Chupa ilikuwa ile ile ya Fungo, maana ilipigwa picha dirishani kwake akiwa amelala. Nyota tano. Chini yake sifa zimepangana. Mmoja kaandika kwamba tangu apake, mumewe hatoki tena nyumbani. Aliyeandika alikuwa shangazi wa mwenye duka, na hakuwahi kuolewa.

Na mwenye duka alikuwa nani? Kicheche.

Kicheche sina haja ya kuwaeleza. Ukipita alipopita jana, utamjua. Mnyama yule hakuweza kuuza hata chumvi sokoni, wateja wangekimbia kabla hajafungua mdomo. Lakini simu haina pua. Akachukua uvundo wake mwenyewe, akauchanganya na molasi, akaponda asumini kidogo za kudanganyia, akatia chupani.

Swala akaandika kuuliza kama kweli ni ya Fungo.

"Asilia kabisa, mpenzi mteja. Tukuletee wapi?"

Hilo ndilo swali pekee aliloulizwa.

Alitoa sehemu yake ya magadi ya kulamba ya kiangazi kizima. Mbuni akaleta mzigo, pu, mlangoni, akaondoka mbio. Mbuni siku zote huondoka mbio, Swala hakushtuka.

Siku ya harusi alimnyonyesha Tunu, akamlaza, akamwambia maneno yale yale. Kisha akafungua chupa. Akapaka nyuma ya masikio. Akapaka shingo, kifua, mpaka miguu, maana chupa ilikuwa kubwa. Harufu ikampanda puani, machozi yakamtoka. Akajiambia, kumbe utajiri unanuka hivi.

Harusini walimsifu sana. Ukimtoa Fungo, hakuna aliyewahi kunusa zabadi ya kweli, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kupinga. Mashallah huku, mashallah kule. Walikuwepo na wengine watatu waliopaka kama yeye, wakasifiana wao kwa wao, kila mmoja akipumulia mdomo. Fungo peke yake ndiye aliyeinua pua. Akamtazama Swala, akafungua kinywa. Swala akageuza shingo.

Alasiri akarudi. Maziwa yamemjaa mpaka yanauma. Akasimama kwenye ukingo wa majani, akaimba:

*Tunu, Tunu, mama nimerudi,*
*ziwa limejaa, njoo unyonye.*

Nfu nfu nfu. Majani kimya.

"Tunu, ni mimi mwanangu."

Sauti ndogo ikatoka majanini. "Sauti ni ya mama. Harufu si ya mama. Mama kaniambia nilale."

Swala akapiga hatua moja. Tunu akarudi nyuma, akaingia kwenye miiba. Nyuma ya miiba ni uwanja mweupe, na uwanjani hutembea Mbweha. Swala akasimama pale pale.

Akakimbilia mtoni. Chubwi! Akajisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa majani ya mwarobaini. Akajisugua mpaka ngozi ikachubuka. Harufu iko pale pale. Akamwandikia mwenye duka. Jibu likaja upesi: asante kwa kuwasiliana nasi, maoni yako tunayathamini. Alipoandika tena, duka halikuwepo. Lilikuwepo jingine, jina jingine, chupa ile ile.

Siku ya pili mdogo wake Swala, naye ananyonyesha, alikwenda majanini badala yake, ziwa limejaa. Tunu hakumjua harufu, hakutoka. Ndipo Swala akaenda kwa Fungo, hakuketi hata mkekani. Fungo akamnusa kwa mbali.

"Hii si yangu. Yangu hutoka kwa maji ya mto, mara moja. Hii ya Kicheche haitoki mpaka upigwe na mvua. Na hata hiyo yangu sikukupa."

"Nilidhani umenidharau, bibi."

"Nilinusa maziwa, mwanangu."

Wakatazama juu wote wawili. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kudanganyia macho.

Jioni ile Swala aliimba tena. Nfu. Mara moja tu. "Sauti ni ya mama," Tunu akasema, polepole, kama anayetaka kuongeza neno. Hakuliongeza. "Mama kaniambia nilale."

"Nimebadilisha, Tunu. Mimi ndiye niliyesema, na mimi ndiye ninayesema sasa. Toka."

Lakini hilo hata Mbweha angeweza kulisema. Tunu hakutoka.

Siku ya tatu mama aliimba, majani hayakujibu. Akaingia. Mtoto hakurudi nyuma. Alikuwa amelala vile vile alivyomlaza, miguu imekunjwa, masikio yamelazwa, hajatikisika.

Wanyama wakaja msibani. Pundamilia alilia kwa sauti, akasema hakujua. Fungo alikaa karibu na Swala kutwa nzima, hakusema nilikwambia.

Siku ya saba mvua ikanyesha. Ikampiga Swala mgongoni, shingoni, nyuma ya masikio, na harufu ile ikamtoka yote, ikaenda na maji. Akajinusa. Akajipata. Akaenda majanini, akajilaza pale palipokuwa pamelazwa mtoto, akaimba wimbo wake mpaka mwisho.

Funzo nalisema wazi, sitaki mtu aondoke akikisia. Anayetengeneza kitu cha kweli anajua kinafanya nini, ndiyo maana atakuuliza wewe ni nani. Wa bandia atakuuliza unakaa wapi tu. Na wewe mwenye mtu anayekujua kwa harufu yako, usiifunike kwa ajili ya wageni wa harusi. Wao watarudi makwao kabla ya jua kuzama.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, majanini. Simu zenu sasa mnaweza kuziinua.