Kidege cha Uani

Gogo haliishi kwa pigo moja la shoka, bali kwa vibanzi vinavyobanduliwa kimoja kimoja. Ndivyo alivyoamini muuguzi mmoja mstaafu, aliyelima bustani ya kabichi pamoja na mdogo wake, fundi bomba.

Wiki tatu kabla ya mavuno, viwavi walivamia. Majani yakatoboka kama chujio. Mdogo mtu akaja na dawa, uso ameukunja kama aliyelamba ndimu.

"Ngoja kwanza," dada alisema. "Uani kuna kiota."

Akamwonyesha. Katika kichaka cha ua, karibu na ardhi, majani mawili yalikuwa yameshonwa kwa nyuzi za buibui, na ndani makinda watatu walipanua vinywa. Mama yao alienea kiganjani: mgongo kijani kibichi, tumbo la kijivu, mdomo mwembamba kama sindano. Alijibanza vichakani, mkia wima, akilia kwa mlio mkavu wa mkasi ukatao kitambaa.

"Dada, kidege hiki ndicho kitakachotuokoa? Viwavi ni maelfu!"

"Ukiwapulizia dawa, atawalisha wanawe sumu. Nipe siku kumi."

"Kabichi zikiisha?"

"Lawama nitazibeba mimi."

Kesho yake asubuhi dada alishika kopo la maji ya sabuni, akaanza kuokota viwavi tuta la kwanza. Kidege kilishika upande wa pili: kinaruka chini, kinachungulia mvunguni mwa jani, kinarudi kiotani na kiwavi mdomoni. Dada, aliyezoea kuhesabu mapigo ya moyo, alihesabu safari sitini kabla ya adhuhuri. Usiku alilala roho mkononi, maana tuta la mwisho lilizidi kuliwa.

Siku ya tano mdogo wake alitokea na kopo lake.

"Usinitazame hivyo. Nimekuja kunyoosha mgongo tu."

"Tangu lini mgongo ukanyooshwa kwa kuinama?"

Wakacheka, wakaendelea kuokota. Siku ya kumi walipekua majani, wakapata viwavi saba tu. Tuta la mwisho lilikuwa limekwenda na maji. Mengine yote yalifunga vichwa vigumu kama mawe. Makinda nao walikuwa wamekwisharuka.

Siku ya mavuno jirani aliuliza, "Mlipiga dawa gani?"

"Hatukupiga," fundi bomba alijibu, akimtazama dada yake. "Tuliwatoa mmoja mmoja, watu wawili na ndege mmoja."

Kweli, bandu bandu huisha gogo.