Fisi na Nusura Kisiwa

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Useme wewe!

Basi pakawa na Nguchiro, mama wa umbo dogo mwenye watoto wanne, aliyekaa kwenye rasi, ulimi wa nchi uliochomoza baharini. Hapo alizaa, hapo alivua kaa wake, na alipapenda mno.

Siku moja, tiki-taka, tiki-taka, akaja Fisi. Akanusa, akacheka, hi-hi-hi!

"Bara lote ni langu, na rasi hii imeungana na bara. Hama leo!"

Nguchiro akawatazama wanawe. Watoto atawalaza wapi? Akamwita Kasuku, aliyelelewa na padre, kichwa kimejaa Kilatini.

"Paeninsula!" akapayuka Kasuku. "Paene, nusura. Insula, kisiwa. Nusura kisiwa! Nomino hii ni ya jinsia ya kike, na wingi wake..."

"Nusura haijazi tumbo," akasema Fisi. "Hama!"

Maskini Kasuku! Hakuna aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho, na bado tunampenda.

Lakini Nguchiro alijua kuwa siku ile ni ya bamvua. Siku za bamvua maji hujaa hadi kufunika shingo ya rasi, kisha hupwa yenyewe. Fisi wa bara atajulia wapi?

"Nahama, bwana mkubwa. Ila kula kwanza."

Akampa pweza mkavu. Fisi akala, nyam-nyam! Akalala, kroo, kroo! Maji yakaja, chubwi, chubwi, yakafunika shingo ya rasi.

Fisi akaamka. Mbele maji, nyuma maji.

"Mama wee! Bara langu liko wapi?"

"Si Kasuku alikwambia? Ilikuwa nusura. Sasa nusura imekwisha, kisiwa kinaondoka."

"Kinakwenda wapi?"

"Sijui, bwana. Hakijaniaga."

Fisi akalia. "Kirudishe, mama!"

"Kinakukataa wewe. Apa kwamba si chako, wala hutarudi."

"Si changu!"

"Hakijasikia."

"Si changu! Haki ya mama, sirudi!"

Nguchiro akamwacha aape, aape, mpaka sauti ikamkauka na maji yakaanza kupwa. Shingo ya rasi ilipochomoza, Fisi akatimka, chapa-chapa! Nguchiro akamhurumia, akamtupia kipande cha pweza awe na masurufu ya njiani. Kisha akarudi kuwalaza watoto wake palepale walipozaliwa.

Ngano yangu imekupwa. Ikiwa tamu, rambeni. Ikiwa chungu, nirudishieni.

Na funzo lake, wanangu: someni Kilatini! Ndicho kilichomfukuza Fisi. Bahari ilisaidia kidogo tu.