Wimbo wa Kufungulia Chama

Paukwa!

Pakawa!

Aa, sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mbugani kulikuwa na chama cha ngoma cha vijana. Pundamilia yumo. Ngiri yumo. Twiga yumo, shingo juu. Fisi? Hayumo. Wazee walezi walikuwa na mila yao: haketi mtu mpaka wimbo wa chama uimbwe. Mwimbishaji alikuwa Kibibi, binti Swala.

Kibibi alikuwa na rafiki, Sikudhani, binti Fisi. Alijua ngoma huyo! Akiigusa tu, ti-ti-tindi, ti-ti-tindi, miguu inakuwasha. Alikitamani chama kile mpaka akakonda. Kibibi akawasumbua wazee, akawasumbua, hata mkubwa wao, Mzee Nyumbu, akasema, "Haya, mlete. Tumfanyie sherehe ya kumkaribisha."

Siku ikafika. Sikudhani kaoga, kajipaka mafuta, kasimama mlangoni mwa uga na ngoma yake. Anatetemeka kwa furaha.

"Kibibi, tuimbishe tuketi," akasema Mzee Nyumbu.

Kibibi akapaaza sauti:

"Karibuni wote, karibuni nyumbani!"

Wakaitikia kwa kwato, du! du!

"Ila mla mizoga, abaki porini!"

Lahaula! Kibibi akaganda, mdomo wazi. Wimbo huo kauimba tangu utotoni, hakuwahi kuusikia. Leo kausikia. Akatazama mlangoni. Sikudhani hakulia. Aligeuka tu, akaenda zake.

"Mzee! Umesikia tulichoimba?"

"Nini? Aa, hilo! Mila tu hiyo, mjukuu wangu. Basi, hapo kwenye mizoga tupunguze sauti."

"Tupunguze sauti?" Kibibi hakuamini masikio yake. "Siimbi!"

"Usipoimba hatuketi!"

"Basi tusimame!"

Wakasimama. Jua likawaka. Magoti ya wazee, kwa-kwa-kwa.

"Yaishe," akasema Mzee Nyumbu. "Sisi wazee tutamtungia fisi ubeti wa kumsifu."

"Mmemuuliza?" akasema Ngiri.

Hakuna aliyemuuliza. Hata Kibibi hakumuuliza. Aibu ikamjaa, akatoka mbio, vijana nyuma yake, vumbi tifu-tifu! Wakamkuta Sikudhani njiani.

"Nisamehe, shoga yangu. Nimekuimba kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Wimbo huo nausikia siku zote, nikiwa kichakani," akasema Sikudhani. "Nilidhani leo mtauacha."

Siku zote! Kibibi akaketi chini puu. "Sasa tufanyeje?"

"Msinitungie. Tutunge pamoja."

Vijana wote wakaketi palepale porini, bila wimbo wa kufungulia! Wakatunga. Huyu neno, yule neno, Sikudhani kwenye ngoma, ti-ti-tindi. Wazee wakasikia, wakaja wanachechemea, wakasimama kando. Ubeti ukapita. Wa pili ukapita. Mzee Nyumbu katega masikio, hasikii jina lake.

"Wajukuu," akauliza, "na sisi je? Tumo?"

Sikudhani akatuliza ngoma kwa kiganja. Wote wakamtazama, roho juu.

"Bado, mzee. Keti hapa karibu yangu, utuambie mnapenda muitwe nani."

Mzee Nyumbu akaketi. Machozi yakamtoka mbele za watoto.

Basi, wakubwa kwa wadogo: anayefungiwa nje aulizwe kwanza, na vijana waachiwe chama chao wakitengeneze pamoja naye. Hadithi yangu imekomea hapo. Nendeni mkasikilize mnachoimba.