Shikamoo ya Doria

"Nipeni wiki mbili tu," alisema Patriki, akijipiga kifua kama ngoma. "Mbwa huyu mkojo ataacha kama mgombea anavyoacha ahadi. Kwenye kamba atatembea taratibu kama bibi harusi. Na wewe, Mzee Tito, atakupa shikamoo kabla hujafungua mdomo. Nisipofanya hivyo, niiteni mwongo mchana kweupe."

Wahenga walipompima mwongo hawakutazama urefu wa ulimi wake, maana kwa huo angewashinda watu wote. Walitazama anafika wapi kabla ukweli haujamkuta njiani. Patriki aliijua methali hiyo vizuri sana. Aliijibu kwenye mtihani wa kidato cha nne, akapata alama zote, akaiacha hukohuko kwenye chumba cha mtihani.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, maneno mengi, kazi kidogo. Alitoka Bukoba kuja Katesh kumtembelea dada yake Mectilda, muuguzi wa zahanati, kwa wiki moja. Wiki hiyo sasa ilikuwa na miezi kumi na moja. Walipanga vyumba viwili katika ua wa Mzee Tito, mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kustaafu kusahihisha. Ukipita mbele yake bila shikamoo, alikurudisha getini uingie upya.

Mbwa aliyezua maneno hayo aliitwa Doria, jike la rangi ya majivu, sikio la kushoto limechanika. Alikuwa wa mzee Margwe, mfugaji wa Hirbadaw, ambaye Mectilda alimsafisha kidonda cha mguu kwa miezi minne mpaka alipofariki. Baada ya mazishi Doria alilala juu ya kaburi na kukataa kufuata ng'ombe. Watoto wa marehemu wakasema mbwa asiyechunga ni mdomo tu, wakaahidi kummaliza kwa rungu. Ndipo mjane, Bibi Helena, akaja naye mpaka nyumbani kwa muuguzi.

"Sista," alisema, "mume wangu ulimsafisha mpaka siku ya mwisho bila kuziba pua. Kilichobaki kwake ni huyu. Nikirudi naye, vijana watamuua. Mchukue."

Mectilda alimchukua huku machozi yakimlengalenga. Bibi Helena akampa maelekezo, polepole, kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Ana udhaifu mmoja. Akimwona mtu anafurahi mpaka mkojo unamtoka. Usimgombeze, hajui. Ukiingia, usimsalimie. Pita kama hujamwona mpaka atulie, halafu chutama pembeni yake, umkune kifuani. Usimwinamie kichwani. Na kamba: akivuta, simama kama nguzo. Ikilegea, nendeni. Hiyo tu."

Patriki aliangua kicheko. "Bibi, asisalimiwe? Katika ua huu hata kuku wanaamkiana!"

Bibi Helena alimgeukia. "Kijana, ng'ombe hafundishwi kwa mdomo. Mbwa pia."

Jioni hiyohiyo Mzee Tito alikuja kumwona mpangaji mpya. Akamwinamia, akamwekea mkono kichwani kwa upendo wote wa mwalimu, na Doria, kwa furaha, akavimwagilia viatu vyake vya kanisani. Mzee alivua kimoja, akakiinamisha, kikachuruzika.

"Sista Mectilda," alisema bila kupandisha sauti, "siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne nitamsalimu tena. Akikojoa, anaondoka."

Hapo ndipo Patriki alipojipiga kile kifua. Na kwa kuwa Mectilda alishinda zahanati kuanzia asubuhi hadi alasiri, kamba ya Doria ikabaki mikononi mwa kaka mtu.

Mectilda alifuata maneno ya mjane neno kwa neno. Akirudi kazini alipita bila kumtazama, akatundika mkoba, akanywa maji, huku moyo ukimuuma kwa kumnyima salamu kiumbe aliyemngoja kutwa nzima. Mkia ulipopunguza kasi, alichutama ubavuni na kumkuna kifua. Siku ya kwanza sakafu ililowa. Siku ya pili, kidogo. Siku ya tano ilikuwa kavu kama kiberiti.

Patriki alikuwa na somo lake mwenyewe. Aliwaza hivi: Mzee Tito anapenda shikamoo kuliko chakula; mbwa akimwamkia, atasamehewa hata akikojoa kitandani. Basi kila asubuhi, dada akishaondoka, alimsimamia Doria kama mlingoti, akaikunja kamba fupi mkononi, akakisukuma kichwa chini.

"Shikamoo! Sema shikamoo, mama!"

Doria alijaribu kumlamba mkono, akakojoa. Patriki akarudia. Doria akarudia. Alipomtoa nje kutembea, mbwa alivuta kuelekea njia ya Hirbadaw, naye akavuta kuelekea kijiweni, mpaka mnyama akakoroma kama birika. Hakusimama kama nguzo hata mara moja. Nguzo haichekeshi watu.

"Huyu si mbwa," alisema siku ya sita, akitazama dimbwi la tatu. "Ni bomba la kijiji lililokatika koki."

Siku hiyo alimchapa kwa ncha ya kamba, mara moja, si kwa nguvu. Lakini tangu saa ile Doria hakumlamba tena mkono. Alilala kwa tumbo kila kivuli cha Patriki kilipomfikia, na mkojo ukaja wenyewe, bila mkia kucheza. Patriki alipiga deki, akalikamua dekio, akalianika juani likakauka kabla dada hajarudi.

"Leo vipi?" aliuliza Mectilda.

"Hata tone, dada. Mwanafunzi anakaribia kumpita mwalimu."

Mectilda alicheka, naye hakuwa amecheka tangu msiba wa Hirbadaw. "Kumbe nawe unaweza kitu," alisema, akampakulia samaki mkubwa zaidi. Patriki alimla samaki yule mpaka kichwa. Angeweza kusema pale pale. Alifungua mdomo aseme, mdomo ukatoa kichekesho, kama kawaida yake.

Siku ya kumi na moja ilikuwa siku ya mnada. Patriki alikuwa amemtambia Hermani, rafiki yake mchoma nyama, kwamba ana mbwa msomi. Akamfunga Doria kamba, akampeleka.

Huko kulikuwa na ng'ombe mpaka macho yanachoka, na wafugaji waliojifunga mashuka, na harufu ya samadi na moshi. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwa mzee Margwe. Doria alivuta kwa nguvu zake zote, akilia kidogo puani, akimnusa kila mzee mwenye fimbo kama anayemtafuta mmoja wao. Kamba ilimchoma Patriki kiganja.

"Leta msomi wako!" alipiga kelele Hermani, na watu waliokuwa wanangoja nyama wakageuka.

"Tulieni, mabibi na mabwana," alisema Patriki. Akamsimamia Doria, akakikandamiza kichwa. "Haya. Wape wazee shikamoo."

Doria akalala kwa tumbo, masikio nyuma, macho amefumba. Mkojo ukatambaa polepole mpaka chini ya gunia la mkaa la Hermani.

"Aisee, msomi kafeli!" mmoja alisema.

"Wapi, aliyefeli mwalimu!" akajibu mwingine, na kicheko kikalipuka.

Patriki aliyezoea kuchekesha watu hakuwa amezoea kuchekwa. Damu ilimpanda. Alizungusha kamba mkononi, akamchapa, akamchapa, na mara ya tatu kamba ilikatika karibu na shingo. Doria akapita katikati ya miguu ya ng'ombe kama mshale.

"Doria! Doria, njoo mama!"

Lakini Doria alikuwa amefundishwa vizuri: sauti ile ikiita, kamba inafuata nyuma.

Alimtafuta mpaka jua likainama, akiuliza kila mchungaji, akichungulia chini ya kila lori. Mwishowe alikaa juu ya jiwe nyuma ya uwanja na kulia peke yake, bila mtazamaji hata mmoja. Kisha akajifuta uso, akaanza kutunga.

"Ni lori la ng'ombe, dada," alimwambia Mectilda. "Hakuteseka. Nimemzika mwenyewe."

Mectilda alikaa chini palepale mlangoni, na sare yake ya kazi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umemzika wapi? Nipeleke kesho nikitoka kazini."

Hilo Patriki hakuwa amelitungia. Kesho yake asubuhi alikimbia nyuma ya uwanja wa mnada, akakusanya mawe kwa mikono, akayapanga mpaka kucha zikatoka damu. Alasiri Mectilda alikuja na maua aliyochuma kwenye ua wa zahanati. Akayaweka, akapiga ishara ya msalaba.

"Nisamehe, mzee Margwe," alinong'ona. "Ulinipa kitu kimoja tu."

Patriki alisimama nyuma yake, kipande cha kamba mfukoni. Alitamani ardhi ile ambamo hakikuzikwa kitu immeze yeye.

Siku ya kumi na nne Mzee Tito alitoka na kiti chake asubuhi, kwa mazoea tu, maana habari ya msiba alishaipata.

"Pole, sista," alisema. "Nilikuwa nimejiandaa kumpa mtihani kweli."

"Ahsante, mzee."

Hapo hodi ikasikika getini. Aliingia Bibi Helena, vumbi mpaka magotini, ameshika ukanda wa shuka kuukuu. Mwisho wa ukanda alikuwapo Doria, nyayo zimechubuka, fundo la kamba bado shingoni.

"Shikamoo, bibi," Mectilda alisema, akimkodolea macho mbwa.

"Marahaba, sista. Juzi asubuhi nimemkuta kaburini kwa mzee. Nimemficha kwa jirani, lakini vijana wangu wameshasikia. Mbona mlimwacha?"

Mectilda aliziba mdomo kwa viganja. Kila kiungo chake kilitaka kukimbia kumkumbatia, lakini alikumbuka. Aligeuza uso, akahesabu pumzi zake, akachutama ubavuni. Doria akaja akitetemeka mwili mzima kwa furaha, akamlamba shingo, machozi na yote. Ardhi ilibaki kavu.

Mzee Tito aliinuka. Kila alasiri mbwa alipokuwapo, alikuwa amemchungulia Mectilda dirishani akirudi kazini, akajifunza jambo. Alisimama upande upande, hakuinama, akaacha mkono wake unuswe. "Hujambo, Doria." Akatazama viatu. Vikavu.

"Amefaulu," alisema, kama anayejaza ripoti.

Mectilda alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Na ndipo Patriki, aliyekuwa anaoga nyuma ya nyumba, alipozunguka kona na ndoo mkononi, akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika. Doria alilala kwa tumbo. Masikio yalirudi nyuma, macho yakafumba, na mkojo ukatoka, ukapita kwenye uwanja uliofagiwa mpaka mguu wa kiti cha Mzee Tito.

Bibi Helena alilitazama lile dimbwi kama mtu anayesoma barua.

"Mkojo wa furaha mbwa huja nao, mkia ukicheza," alisema. "Huu ameulalia. Huu ni wa kipigo. Kijana, ulimpiga?"

"Mimi? Bibi, huyu si Doria," Patriki alisema, akijaribu kutabasamu. "Wanafanana tu. Doria ni marehemu."

Bibi Helena aliinua sikio la kushoto lililochanika. Halafu akaligeuza fundo la kamba shingoni ili kila mtu alione.

"Bibi, nisamehe," Mectilda alisema. "Niachie. Huyu kaka yangu nitamfungashia leo leo."

"Nilikukabidhi wewe, sista," Bibi Helena alijibu bila hasira, na hilo liliuma zaidi. "Nawe ukampa kamba mtu mwingine. Simwachi tena."

"Na vijana wako?"

Bibi Helena aliushika ukanda, akaelekea getini. Mzee Tito alifungua mdomo asahihishe kitu, akakosa cha kusahihisha. Na Doria akamfuata mjane taratibu, hatua kwa hatua, ukanda umelegea katikati yao, havuti wala havutwi, kama bibi harusi.

Geti lilipofungwa Mectilda alimgeukia kaka yake.

"Patriki. Pale kwenye mawe, nilikuwa namlilia nani?"

Patriki, mtu wa maneno mengi, alisimama na ndoo yake, maji yakimdondoka miguuni, asipate hata neno moja. Uongo wake ulianzia kwenye dekio lililoanikwa juani, ukapita mnadani, ukapumzika kwenye rundo la mawe, na siku ya kumi na nne ukaanguka uani mbele ya shahidi asiyejua kusema. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.